Kunguni wa Nyasi na Mkate wa Kiapo

Mpaka anakufa, bibi yangu Mwaija binti Mwinjuma hakula mkate. Si wa mofa, si wa kumimina, si boflo la dukani lililokuja baadaye. Mwezi wa Ramadhani tukifuturu, sahani ya mkate ikifika mbele yake aliisukuma kwa mgongo wa mkono, akaendelea na muhogo wake. Sisi wajukuu tulidhani ni meno. Mama ndiye aliyetukataza kuuliza.

Tumemzika hapa Mkange mwezi uliopita baada ya sala ya alasiri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mkongwe aliyewapita wenzake wote, na waliomjua akiwa msichana wamekwisha kutangulia. Haya ninayoyaandika alinieleza mwenyewe kwa vipande, leo neno hili, mwaka mwingine neno lile, na pale aliponyamaza mama yangu Ashura amenijazia. Naandika huzuni ikiwa bado mbichi, na mtu mwenye huzuni aweza kumpunja mwingine haki yake. Namwomba Mungu anilinde na hilo.

Bibi hakuzaliwa Mkange. Kwao ni bonde la mto Ruvu, ambao watu wa zamani waliuita Kingani, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini Bagamoyo. Baba yake, Mwinjuma, alilima mpunga katika tope jeusi la bonde lile, na alipokufa aliacha watoto wawili. Mkubwa ni Abdala, aliyerithi konde la juu, kubwa, lililopakana na majirani. Mdogo ni Mwaija, aliyepata konde la chini karibu na mto. Mwaija alikuwa amekwisha kuolewa. Mumewe alikwenda bara na msafara. Zikarudi habari, yeye hakurudi. Kwa hiyo, katika mwaka ninaousimulia, muda mfupi kabla ya Wadachi kuingia pwani, bibi alikuwa mjane kijana, ana mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye mama yangu. Duniani hakuwa na mtu wa kumwegemea ila kaka yake.

Sasa lazima nimweleze mdudu, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki.

Ni kunguni, lakini si yule wa kitandani. Huyu ni wa nyasi. Mwembamba kama punje ya mchele iliyovutwa, rangi yake kijani ileile ya jani alilolikalia, na pembe zake mbili ni nyekundu, ndefu karibu sawa na mwili. Akikuona anazunguka upande wa pili wa jani, na usipokuwa na macho mazuri hutajua kuwa kuna kitu. Ukimponda vidoleni anaacha harufu ya majani yaliyochacha. Hana meno. Ana mdomo mfano wa sindano, anaukunja chini ya kifua, na akitaka kula anauchomeka katika jani na kufyonza. Nilipokuwa sekondari mwalimu alituonyesha picha za jamaa zake, nami nikamtambua kabla hajataja jina, kwa kuwa bibi alikwisha kunionyesha kwenye majani ya nyuma ya choo chetu.

Chakula chake ni nyasi, na nyasi zikiwapo haendi mbali. Lakini mpunga nao ni jamaa ya nyasi. Kuna majuma ambayo punje ya mpunga ndani yake si mchele bado, ni maziwa. Ukiibinya yanatoka meupe. Nyasi za ukingoni zikikatwa katika majuma hayo, kunguni wote waliokuwamo wanahamia kwenye masuke. Wanafyonza maziwa, na siku ya kuvuna masuke yamesimama wima, mazuri kwa macho, na ndani mna mapepe matupu.

Watu wa bonde walilijua hilo tangu kwa babu zao, na waliweka sheria. Kila konde lilizungukwa na ukanda wa nyasi, na ukanda huo haukuguswa tangu mpunga utoe masuke mpaka ugeuke manjano. Aliyekata kabla ya wakati aliwafidia wote waliopakana naye, na asiyeweza kufidia alitolewa bondeni. Mwinjuma, akiwa kitandani anaumwa, aliwaita wanawe wote wawili akawausia: "Mdudu mwachieni chakula chake, naye atawaachia chenu." Abdala alikuwapo. Alimshika baba yake mkono akasema, "Tumesikia, baba."

Mwaka ule Abdala alikuwa anaposa. Binti mwenyewe ni Sikuzani, mtoto wa Jumbe Mwinyimvua, mkubwa wa bonde. Si nyumba ya kuingia na kikoi kilichopauka. Na Bagamoyo msimu ule ulikuwa wa misafara. Mji umejaa wapagazi na wanyama, na nyasi za karibu zimekwisha kuliwa mpaka mizizi. Kulikuwa na mfanyabiashara, Humoud, Mwarabu wa Omani, mwenye punda weupe wa Maskati aliowapenda kama wanawe. Alitaka nyasi mbichi za bondeni. Kwa nyasi hizo aliahidi kumpa Abdala kitambaa cha debwani cha kilemba, kipya, kisichopata kuvaliwa. Humoud simlaumu. Alikuwa mtu wa mjini, hakujua habari za kunguni.

Asubuhi moja bibi alishuka kondeni kuamia ndege wasile mpunga. Kabla hajapanda kwenye dungu alisikia mundu upande wa juu. Akafuata sauti. Alimkuta kaka yake ameinama, na nyuma yake ukanda wote wa konde lake umelala chini, umefungwa mizigo.

"Kaka! Unafanya nini?"

"Nacheza ngoma. Huoni?"

"Mpunga bado maziwa, kaka."

"Mpunga wangu, nyasi zangu. Wewe wa kwako si uko kule?"

"Baba alisema nini?"

Abdala alijinyoosha, akajifuta jasho. "Baba alisema mengi. Baba alikuwa na wake wawili na ng'ombe. Mimi nina kikoi hiki. Niende kwa Jumbe hivi, Sikuzani anicheke?"

Bibi aliinama akachuma suke la pembeni, akamwonyesha. Juu yake walikuwa wamekwisha kukaa kunguni, wawili watatu, pembe nyekundu zinachezacheza.

"Tazama. Wanahama."

"Lo! Wewe na wadudu wako. Ukitaka nitakuozesha mmoja, mjane hachagui."

Akacheka, na bibi naye akacheka kidogo, maana alikuwa kaka yake na walizoea kutaniana. Lakini Abdala alipouchukua mundu na kuelekea ukanda wa konde la chini, la bibi, cheko liliisha. Bibi alimpita mbio, akaketi katikati ya nyasi na mtoto wake mapajani.

"Hizi hukati. Labda utukate na sisi."

Abdala akashusha mkono, na sauti yake ikawa nyingine, sauti ya utotoni. "Basi, dada yangu. Hizi ninaziacha. Lakini usimwambie mtu. Jumbe akijua, posa imekufa na mimi nimetolewa. Nisitiri."

"Nimekusitiri, kaka," bibi alimwambia.

Neno hilo alinieleza mara nyingi kuliko yote. Alikuwa akisema kwamba kumsitiri ndugu si dhambi, na mimi nakubali.

Nyasi katika tope la mto haziombwi kuota. Mpunga ulipogeuka manjano ukanda wa Abdala ulikuwa umefika kiunoni tena, na mtu asiyekuwapo siku ile asingejua kuwa mundu ulipita. Watu waliingia kuvuna. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Mwanvita, jirani wa Abdala, mwanamke wa maneno mengi. Alipura mafungu yake ya kwanza, akapepeta, na upepo ukachukua karibu kila kitu kilichokuwa katika ungo.

"Mapepe! Jamani, mimi nimelima mapepe!"

Akaja mwingine, na mwingine. Konde la Abdala lilikuwa limekauka ndani, na makonde yote yaliyolizunguka vivyo hivyo. Kule chini kwa Mwaija, mjane, mtu asiye na mume wa kumsaidia hata kupanda, masuke yalikuwa yameinama kwa uzito.

Hapo ndipo watu wetu walipokosea. Walikuwa na imani, na wengine wanayo mpaka leo, kwamba mchawi aweza kuhamisha mpunga: analala kwake, na kiini cha punje za jirani kinatoka kwenye masuke yao na kuingia kwenye yake, maganda yanabaki. Mwanvita alitazama konde la chini, akatazama mapepe yake, akaweka mikono kiunoni.

"Mwaija mwanangu, hebu tueleze. Ndege wetu, jua letu, maji yetu mamoja. Wewe mpunga wako umekula nini?"

"Mungu amenipa, mama."

"Na sisi katunyang'anya nani?"

Kwa kauli hiyo moja, mpaka jioni bonde zima lilikuwa na jambo moja mdomoni.

Jumbe Mwinyimvua aliwaita watu barazani kwake asubuhi iliyofuata. Bibi alikwenda bila hofu kubwa, kwa sababu aliamini kwamba kaka yake yupo. Alimkuta Abdala ameketi upande wa wanaume, karibu na Jumbe, na debwani kichwani.

Jumbe alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, umetuhumiwa kuhamisha mpunga. Una la kusema?"

"Sijahamisha, Jumbe. Sijui hata mtu anavyohamisha."

"Basi mpunga wa wenzako umekwenda wapi?"

Bibi hakutaja nyasi. Hata hapo alimsitiri. Alisema tu, "Muulizeni kaka Abdala. Yeye anajua konde lake limepatwa na nini."

Watu wote wakageuka. Mama yangu ananiambia kwamba bibi alipofika hapa katika kusimulia alikuwa anasimama, akatengeneza khanga yake, kisha ndipo akaendelea.

Abdala alisema, "Mimi sijui lolote."

"Kaka."

"Nimelima kama watu, nimepata mapepe kama watu. Sijui."

"Kaka, nyasi."

"Nyasi gani?"

Ndipo bibi alipolia na kusema yote, mundu, mizigo, punda wa Humoud. Abdala hakukasirika. Alinyoosha kidole kuelekea bondeni, akasema, "Nyasi zile pale, Jumbe. Tuma watu wakatazame kama zimekatwa." Wakaenda, wakarudi, wakasema nyasi zimesimama kiunoni. Mwanvita akapiga kofi akasema, "Uchawi hautoshi, anamtia na kaka yake mzaliwa!" Na baadhi ya watu wakacheka.

Hakuna aliyetaka kwenda mjini kumwuliza Humoud. Jumbe alikuwa anamwoza binti yake.

Basi akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani alete kiapo cha mkate. Wasiokijua niwaeleze. Mwalimu huchukua mkate mkavu wa mofa, huuandika maneno, huusomea, kisha humpa mtuhumiwa kipande akitafune mbele za watu bila maji. Anaambiwa aseme: kama nimetenda, unikwame, kama sikutenda, upite. Ukipita, yu safi. Ukikwama, amekwisha.

Mimi ni Mwislamu na nimesomeshwa dini kwa walimu ninaowaheshimu. Sijaona mahali ambapo Mungu ametuagiza jambo hili. Kitabu chake hakikuteremshwa kipime makoo ya watu. Lakini wazee wetu walifanya hivyo, na walidhani wanamwita Mungu awe shahidi.

Bibi alikuwa amelia tangu asubuhi. Alikuwa hajanywa maji. Jua lilikuwa limepanda, mtoto anahangaika mgongoni, na mkate ulikuwa mkavu kama kigae. Alisema maneno aliyoambiwa. Akatafuna. Alitafuna huku anamtazama kaka yake, maana alidhani kwamba hawezi, mtu aliyelelewa naye sahani moja hawezi kukaa pale mpaka mwisho. Abdala alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mkate ulifika kooni ukasimama. Bibi akakohoa. Akajaribu tena, akashika shingo, macho yakamtoka. Mtoto akaanza kupiga kelele. Na mtungi wa maji ulikuwa karibu na goti la Abdala, karibu kabisa, mkono ungetosha. Watu wanaambiwa wasimpe mwapaji maji, ni kweli. Lakini mwanamke mmoja, ambaye bibi hakupata kumjua, ndiye aliyetoka akampiga mgongoni mpaka kipande kikamtoka mdomoni na kuanguka mchangani, kizima.

Kikatazamwa na wote. Na hukumu ikawa hiyo: ni mchawi, atolewe bondeni.

Mpunga wake ulivunwa na watu wengine ukagawanywa. Konde la chini akapewa Abdala alilinde, kwa kuwa ni mali ya baba yake. Arusi ya Sikuzani ilifanyika mwezi ule. Bibi hakuiona. Alikuwa amekwisha kuondoka na mtoto wake na mkeka, akapanda kaskazini, akavuka Wami kwa mtumbwi wa watu, mpaka Mkange kwa wajomba zake. Walimpokea. Hawakumwuliza, naye hakusema, lakini maneno hutembea, na kwa miaka mingi kulikuwa na wanawake hapa Mkange ambao hawakutaka kupanda karibu naye. Aliposwa mara mbili, na mara zote mbili posa ilirudi baada ya watu wa mume kupita bondeni kuuliza habari zake. Alilima peke yake. Alimlea mama yangu peke yake. Kila mwaka alipanda mpunga wake na kuacha ukanda wa nyasi, na jioni alipita akigeuza majani kwa kidole kuwatazama kunguni kama wapo mahali pao.

Wadachi walikuja, wakapigana na watu wa pwani, wakatawala. Mama yangu alikuwa amekwisha kuzaa mtoto wake wa kwanza Abdala alipofika Mkange. Alikuja peke yake, mvi zimemjaa, na kikapu cha maembe mabichi. Bibi alikuwa anawamwagia kuku mtama.

"Shikamoo," mama yangu alimwamkia, hakumjua ni nani.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia bibi. "Dada, nimekuja kutaka radhi."

Bibi aliendelea kumwaga mtama. "Radhi ya nini?"

"Unajua."

"Sijui lolote."

Abdala aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akaketi chini palepale uani. "Nilikuwa kijana, Mwaija. Niliogopa. Kila nikisali nakuona umeshika shingo."

"Uliyoyasema uliyasema wapi?"

"Barazani kwa Jumbe."

"Basi nenda ukayafute barazani. Hapa tuko mimi na kuku. Kuku hawakunishuku."

"Wanangu, dada. Nina mabinti wa kuozwa."

"Na mimi nilikuwa binti wa nani?"

Alikaa mpaka jua likageuka. Bibi alimpikia, akamtengea, hakula naye. Akaondoka, na barazani hakwenda.

Abdala alikufa Waingereza wakiwa wameingia. Habari ilipofika, mama alidhani bibi hatakwenda, lakini alikwisha kufunga kitambaa chake. Walikwenda wote wawili. Bibi aliingia katika nyumba ya baba yake kwa mara ya kwanza tangu alipofukuzwa, akaketi na wanawake chumbani, na wanawake wakasogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Kwetu, kabla jeneza halijatoka, mmoja wa jamaa husimama mlangoni akatangaza: mwenye haki yake kwa marehemu na aseme, na aliyekosewa amsamehe. Watu hujibu tumemsamehe, jeneza likainuliwa. Siku hiyo walijibu. Na sauti ya bibi ikatoka chumbani, peke yake.

"Mimi bado."

Aliyekuwa mlangoni alisema, "Mama, maiti anangojwa."

"Najua. Nimengoja na mimi." Hakupaza sauti. "Shamba nimemsamehe. Nyasi nimemsamehe, alikuwa anataka mke. Lakini kuna watu hapa waliokuwapo barazani. Nataka mmoja aseme kwamba Mwaija hakuhamisha mpunga. Nikisikia hilo nitasema nimemsamehe yote, na mtamzika mwepesi."

Hakuna aliyesema. Mama yangu alimwona Sikuzani, mjane wa Abdala, ameinamisha uso katika khanga. Kisha Sikuzani alimsogelea bibi, akamshika mkono na kumnong'oneza, "Wifi, mimi najua. Aliniambia mwaka uleule."

"Basi sema," bibi akamwambia. "Sema kwa sauti, wasikie."

Sikuzani aliwatazama wanawake wenziwe mmoja mmoja. Binti yake mdogo alikuwa ameketi karibu, na siku ya arusi yake ilikuwa imekwisha kutajwa. Akauachia mkono wa bibi.

Jeneza likatoka hivyo hivyo. Bibi na mama walirudi Mkange siku ileile, hawakungoja hitima.

Sijui kama alimsamehe moyoni kabla ya kufa. Sikuthubutu kumwuliza, na Mungu ndiye ajuaye ya vifuani. Najua tu kwamba alitaka neno moja lisemwe mbele za watu, na wote walioweza kulisema wamekufa nalo. Wajukuu wa Abdala ni ndugu zangu. Walikuja kwenye msiba wetu, wakalia, nami nikawapokea. Watakaposoma haya huenda wasije tena. Wanisamehe.

Mwaija binti Mwinjuma hakuhamisha mpunga wa mtu. Abdala bin Mwinjuma alikata nyasi.